Mgeni na Mwalimu wa Darasa



Mtoto wa milima yetu ya Upare huja shuleni na Chasu cha mama yake. Katika shule za serikali hukuta Kiswahili, nacho ndicho kimekuwa lugha ya masomo tangu mwaka 1967, kutoka darasa la kwanza hata la mwisho. Akiingia sekondari, karibu masomo yote huwa kwa Kiingereza. Hapo wengi hunyamaza. Wala si wajinga, ni maneno tu yamewapotea.

Kwa hiyo twawapokea kwa furaha wale watokao ng'ambo kwa hiari yao kuja kutusaidia. Lakini haifai tufiche. Mwaka mmoja mgeni alikaa nasi majuma matatu. Watoto wakaimba Kiingereza vizuri mno, nasi tukapiga makofi. Naye mwalimu wa darasa, je? Tulimtuma kuhesabu madawati! Mgeni alipokwenda zake, vile vitabu vya picha vikafungiwa kabatini, maana hapakuwa na aliyeonyeshwa kuvitumia. Kosa lilikuwa letu.

Wa zamani walianza kwingine. Ernst Kotz, mmisionari Mjerumani, alijifunza kwanza Chasu kwa Wapare wenyewe, na mwaka 1909 sarufi yake ikapigwa chapa.

Basi mgeni ajaye tutamketisha na mwalimu tangu siku ya kwanza. Mwalimu afundishe, mgeni asikilize, kisha wabadilishane. Nao ufunguo wa kabati, akae nao mwalimu.