Hesabu ya Moto: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Wanachama, Mbinga



Tumetakiwa na Bwana Katibu tuseme machache juu ya elimu ya injini. Twaomba radhi mapema, maana sisi tu makarani. Kazi yetu ni majalada na daftari, wala hatukupata kushika spana ila kumpokeza fundi. Lakini jambo lililotupata kule mwambao limetuonyesha ya kuwa elimu hiyo haiko mbali na kazi ya karani. Nayo ni hesabu: kilichoingia, kilichotoka, na kilichopotea njiani.

Mjomba wetu ana mashine ya kusaga katika kijiji kimoja upande wa Liuli, nayo huendeshwa kwa injini ya dizeli. Mwaka juzi injini ile ilianza kudhoofika. Asubuhi ilikuwa ngumu kuwaka, na debe moja la mahindi likachukua muda wa madebe mawili. Mjomba akamtuhumu fundi wake kuwa ameuza vipuri vizima na kutia vikuukuu. Tulipoulizwa shauri, sisi tuliosoma, tuliafiki. Na kwa kalamu yetu wenyewe tuliandika barua ya kumwondoa kazini. Fundi hakusema neno. Alikwenda zake, akaanza kuvua.

Miezi miwili baadaye akaja likizo kijana wa kijiji kile, mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakuanza kwa kufungua injini. Aliomba mafuta katika chupa ndefu, akatumbukiza kijiti cha kioo chenye tarakimu, kikaelea. Alitueleza ya kuwa lita moja ya dizeli njema ina uzito wa gramu 820 hadi 870 hivi, na mafuta ya taa aghalabu ni mepesi zaidi. Yale ya mjomba yalikuwa 806. Akatafuta mengine, yaliyonunuliwa mahali pengine, akayapima saa ile ile kivulini, yakawa 838. (Alisisitiza saa ile ile, kwa kuwa jua likizidi mafuta hutanuka, na asiyejua hilo atamshtaki mtu bure.) Ndipo akafungua pampu, nayo ilikuwa imelika, maana mafuta ya taa ni membamba, hayailainishi pampu kama ifanyavyo dizeli. Fundi hakuiba kitu.

Tulikwenda kumwomba radhi ufukweni. Alitusikiliza huku akitengeneza nyavu, kisha akasema, “Barua yako ilikuwa na mwandiko mzuri sana, Bwana Karani.” Hatujapata kuona haya kama siku ile.

Hila hiyo ya kuchanganya mafuta ni ya nchi nzima. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia alama katika mafuta ili wachanganyaji wanaswe, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida yao ipungue. Kwa mwenye koroboi ushuru ule ulikuwa mchungu, nasi hatutauficha uchungu huo.

Tulimwuliza kijana yule habari za maabara za injini. Alisema injini hufungwa sakafuni kwa bolti, ikazunguka bila kwenda popote, nayo breki kubwa huipinga na kuandika nguvu yake. Mafuta huteremka katika mrija wa kioo, na mwanafunzi huangalia saa. Joto la maji hupimwa, na la moshi pia. Moshi wenyewe huchunguzwa una nini. Kisha hesabu hufungwa. Katika dizeli ya shilingi 100, yapata theluthi moja tu hufanya kazi. Zilizobaki huondoka na maji ya kupoza na kwa bomba la moshi. Karani gani angeiona hasara kama hiyo akalala?

Rudolf Diesel mwenyewe alianza hivyo. Alikuwa mwanafunzi mjini Munich, akamsikia mwalimu wake Carl von Linde akieleza jinsi mashine za mvuke zinavyopoteza karibu moto wote. Mwaka 1893 injini yake ya kwanza ilirusha vipande vya kipimo chake, almanusura vimwue. Mwaka 1897 Profesa Moritz Schröter aliipima iliyofuata, akakuta sehemu 26 katika 100 zinakuwa kazi. Kwa Afrika Mashariki, kitivo cha uhandisi cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973. Na huko Makerere wanafunzi na walimu wao walionyesha motokaa yao ya umeme, Kiira EV, Novemba 2011.

Lakini kipimo cha Dar es Salaam ni kipimo cha pwani. Ziwa letu liko karibu mita 475 juu ya bahari, na milima ya Umatengo sehemu nyingi hupita mita 1,300. Motokaa ipandayo kilomita 66 kutoka Mbamba Bay hadi hapa huingia katika hewa iliyopungua kama sehemu 8 katika 100, na hewa ikipungua moto hupungua. Wazee wa mwambao waliiona Chauncy Maples, iliyoshushwa ziwani mwaka 1901, ikila kuni hata ilipotiwa injini ya dizeli miaka ya 1960. Tangu mvuke hata injini za mitumbwi ya leo, ni nani aliyetufungia hesabu?

Kwa hiyo twaleta hoja. Chama kikiandikie chuo, kikaribishe wanafunzi wawili kila likizo kubwa, nasi tuwape malazi, wapime injini za mwambao na za milimani. Pili, tununue kijiti kile cha kioo na chupa yake, vikae kwa Bwana Katibu, na kila mtu mwenye mashine apime bila malipo kabla ya kumshtaki fundi.

Daftari ya michango iko mezani kwa Bwana Mweka Hazina. Jina letu tumekwisha liandika. Jina la pili ni la fundi yule, naye ameliandika kwa mkono wake.