VIJANA WETU NA CHAKULA WANACHOKIPENDA
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanaushirika, Miyuji)



Juzi tulikaa tukawalaumu vijana: ati wanakimbia ugali wa uwele na mlenda, wanakimbilia chipsi. Leo tunaomba tujitazame sisi kwanza.

Kijana hachagui kwa ulimi peke yake, anachagua kwa mfuko pia. Ametoka nyumbani bila hata uji, mkononi ana shilingi 500. Saa nne hawezi kununua wali na maharage. Atapata maandazi na barafu ya rangi. Halafu kuna macho ya wenzake. Binti mmoja wa kidato cha pili alituambia mlenda anaupenda sana, ila anaula nyumbani tu, maana kwa wenzake ataitwa mshamba. Kumbe utamu wake anaujua!

Na aibu hiyo nani kaifundisha? Sisi. Mgeni akija tunaficha ugali wa mtama, tunapika wali. Mvua ikikosekana ndipo tunasema, "Haya, tule mtama," kama vile ni adhabu. Mtama mzuri tunawauzia wanunuzi wa viwanda vya bia, hela inarudi nyumbani ikiwa soda. Wazee wetu mwaka 1975 walikaa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kampeni ya Chakula ni Uhai. Siku hizi kijana ana simu yake, nayo inamtangazia soda mchana kutwa.

Jambo hili si la mzaha, hasa kwa mabinti. Akishavunja ungo anapoteza damu kila mwezi, na mwili bado unakua. Anahitaji madini ya chuma: maharage, mboga za majani, dagaa, nyama ikipatikana. Andazi na chai ya rangi havimtoshi; tena chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza chuma kinachoingia mwilini. Damu ikipungua anachoka, anaona kizunguzungu, nasi tunamwita mvivu.

Duka letu la ushirika nalo limo. Angalieni rafu ya mbele: soda, biskuti, pipi. Karanga tulizolima wenyewe ziko nyuma kwenye gunia! Tunapendekeza zikaangwe, zifungwe vipimo vya shilingi 200, zikae mbele, na uji wa uwele uuzwe saa nne. Mapato ya soda yatapungua, tusidanganyane. Anayepinga aseme mkutanoni Jumamosi, siyo kijiweni. Wenye masufuria makubwa wajiandikishe kwa katibu.