Mtoto Aanze Kusoma Nyumbani Kwao

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na wageni katika juma la jubilei ya parokia, na mama mmoja aliyekuwa mwalimu wa mwaka wa kwanza



Kamati ya jubilei imeniomba niseme juu ya malezi ya watoto. Neno hilo ni pana kama ziwa, nami sina mtumbwi wa kulivuka lote. Nitasema jambo moja tu, lile nililolifanya kila siku kwa miaka mingi: kumfundisha mtoto mdogo kusoma. Tena nitalisema kwenu ninyi wazazi, si kwa walimu, kwani nimeona kwa macho yangu kwamba kazi hii ikiachiwa shule peke yake, watoto wengi wanabaki njiani.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwalimu akiwa na watoto sitini mbele yake, na saa moja ya kusoma, kila mtoto anapata dakika moja. Katika mwaka wa 2019 serikali ilitangaza kwamba elimu ya msingi itolewe bure katika shule za umma, na shule zetu za kikatoliki zenye mapatano na serikali zikiwamo. Tulifurahi, na ilikuwa haki. Watoto waliokaa nyumbani kwa kukosa malipo waliingia darasani. Lakini mabenchi hayakuzaa mabenchi mengine. Dakika ile moja, mzazi anaweza kuigeuza kuwa kumi, kila jioni, bila kutoa franka.

Wazee watakumbuka pia kwamba shule zilichukuliwa na serikali katika mwaka wa 1974, kisha usimamizi wake ukarudishwa kwa Makanisa kwa mapatano ya mwaka wa 1977. Miaka ile ilituchosha. Lakini mkeka wa nyumbani haukuchukuliwa na mtu.

Nasi si watu wa kwanza kuanza hivi kwa vitu vichache. Mapadri Weupe walipopokea Mpala katika mwaka wa 1885, katekisimu na herufi vilitembea pamoja, na lugha ya njia ile ilikuwa Kiswahili. Katika nchi hiyohiyo ya ziwa alikulia Stefano Kaoze, aliyepewa upadri huko Baudouinville, tunapopaita leo Kirungu, tarehe 21 Julai 1917, akawa padri wa kwanza wa Kongo ya Kibelgiji. Tunapotaja jina lake tunafikiri Kilatini na filosofia. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa wadogo, nafikiri siku yake ya kwanza, alipokuwa mtoto mbele ya herufi asizozijua.

Basi, tuanze namna gani? Chukueni kipande cha makala na ubao wowote laini, au mchanga uliolainishwa kwa maji. Andikeni a, e, i, o, u. Katika Kiswahili kila moja ina sauti moja tu, haibadiliki popote inapokaa; ni zawadi kubwa kwa mtoto, na watoto wa Ufaransa hawanayo. Akizijua, leteni m: ma, me, mi, mo, mu. Hapo tayari anasoma «mama» na «mimi». Kisha k na l, naye atasoma «kuku», «lima», «kula», na hata «makala», jina la kile anachokishika mkononi. Nimeona watoto wakicheka kwa furaha wanapogundua jambo hilo.

Nawaomba sana: mfundisheni sauti, si jina la herufi. Wengi wetu tulifundishwa kusema «em» na «el» kwa namna ya Kifaransa. Mtoto aliyefundishwa hivyo, mbele ya neno «lala» anasema «el-a-el-a», naye haoni usingizi wowote ndani yake. Afumbe midomo, aseme mmm, kisha aifungue: maaa. Anasikia mwenyewe namna zinavyoungana.

Sauti ngumu zije mwisho: mb, nd, ny, ng, na ile ng' ya ng'ombe. Siku atakaposoma mwenyewe ta-nga-nyi-ka, bila kusaidiwa, mjue ameshavuka mahali penye mawimbi.

Sasa niungame kosa langu. Mtoto wangu wa tatu, kabla hajatimiza miaka sita, alisoma ukurasa mzima juu ya mbuzi na shamba. Mimi mwalimu nilijivuna. Niliwaita majirani, nikamsimamisha katikati yao, naye akasoma pasipo kusita hata mara moja. Mwisho wa habari mzee mmoja akaniambia polepole: «Mama, kitabu kiko kichwa chini». Mtoto alikuwa amekariri kwa kunisikia mimi. Alinipenda, akanipa nilichokitaka. Usiku ule sikulala vizuri, kwani nilijiuliza ni wangapi darasani kwangu niliowapa alama nzuri kwa kukariri tu.

Tangu hapo sikumwamini tena mtoto asomaye upesi. Namwambia asome mstari kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nafunika picha. Naandika maneno mapya kwa herufi anazozijua, maneno asiyoyasikia kwa mtu: «kaka alimaliza kuku». Akicheka, amesoma. Asipocheka, turudi nyuma, bila hasira. Fimbo haikumfungulia mtoto neno hata moja; ilimfundisha kubahatisha kwa haraka ili aponyoke.

Kuna tatizo jingine ambalo ni letu hasa. Nyumbani tunasema mutoto na batoto, kitabu na bitabu. Kitabu kinasema mtoto na watoto, vitabu. Mtoto wetu anapoona «mtoto» anaitafuta u yake, haioni, anadhani macho yake yamekosa. Vilevile h: anasema abari, na mbele yake pameandikwa habari. Mapadri wengine hapa huenda hawatakubaliana nami, lakini katika juma za kwanza mimi humwacha aandike mutoto kama asemavyo. Kwanza ajue kwamba yale yanayotoka kinywani mwake yaweza kukaa kwenye ubao. Baadaye namwambia: hivi ndivyo tunavyosema kwetu, na hivi ndivyo vitabu vinavyoandika. Anaelewa mara moja, kwani hata katika nguo anajua ya shambani na ya Misa.

Na Kifaransa? Wazazi wengi wananiuliza kwa woga, wakidhani Kiswahili kitamchelewesha mtoto. Sheria ya elimu ya nchi yetu ya mwaka wa 2014 yenyewe inazipa lugha zetu nafasi mwanzoni mwa shule ya msingi. Mtoto hujifunza kusoma mara moja tu. Akishajua kwamba herufi ni sauti, lugha ya pili anaijia kwa mguu ulio imara. Ila msichanganye mwanzoni. U ya Kifaransa siyo u yetu. Yetu wao huiandika kwa herufi mbili, o na u. Na e ya mwisho mara nyingi huandikwa, haisomwi. Mtoto akipewa mambo haya yote katika mwezi mmoja, anaona kusoma ni uchawi wa mwalimu. Mpeni miezi michache ya Kiswahili kitupu nyumbani.

Najua baadhi yenu mnasema moyoni: mimi sijui kusoma, nitamfundisha nini? Nitawaeleza habari ya mama mmoja muuza ndagala, aliyeniruhusu niseme. Zamani aliletewa karatasi ya kiwanja, akaambiwa ni ya mpaka tu, akatia kidole gumba. Baadaye akajua ameacha sehemu ya kiwanja chake. Alikuja kwangu kwa ajili ya binti yake, akasema: «Huyu asije akatia kidole.» Nikamwambia: kila jioni, baada ya sala, umkalishe karibu na taa, akusomee. Asikunong'onezee, asome kwa sauti. Ukisikia maneno yasiyo na maana, mwambie arudie. Masikio yako yanajua Kiswahili kuliko macho yake.

Walifanya hivyo mwaka mzima. Binti aliweka kidole chini ya kila neno, na mama aliyatazama maneno kupitia kidole kile. Siku moja, kwenye mlango wa kanisa, palibandikwa majina ya waliotoa mchango wa mabati. Mama yule alisimama mbele ya karatasi kwa muda mrefu hata watu nyuma yake wakaanza kunung'unika. Kisha akaweka kidole chake, gumba lilelile, juu ya mstari mmoja, akasema: «Mimi huyu hapa. Nao wamekosea herufi.» Na kweli walikuwa wamekosea. Katibu alisahihisha.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tamko lake juu ya malezi la mwaka wa 1965, umefundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Mara nyingi tunalitumia neno hilo kwa sala na adabu tu. Mimi nalitumia pia kwa ma, me, mi, mo, mu.

Jumamosi hii, baada ya Misa ya asubuhi, nitakaa chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba ya katekista. Wazazi wenye watoto wa miaka mitano au sita waje nao, kila mmoja na ubao wake. Makala nitaleta mimi.