Mkwaju Mmoja, Miarobaini Sitini na Minne

Msikilizaji, mti uliosimama katikati ya matuta ya pamba hapa Bariadi haukubaki pale kwa bahati. Kuna mtu aliunyanyulia jembe, akaupita. Sasa, katika miti hiyo, upi una uzito zaidi kwa ardhi yetu?

Wataalamu wana kipimo chao, kilichoanzia Wisconsin, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wanaangalia mambo matatu: miti ya aina hiyo ni mingapi, inaonekana katika vipande vingapi vya ardhi, na mashina yake ni manene kiasi gani yakipimwa usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka chini. Kila jambo hupewa asilimia, kisha zinajumlishwa.

Unene ndio unaouokoa mti mzee. Kwa eneo la mkato wa shina, mkwaju mmoja wenye kipenyo cha sentimita 80 ni sawa na miarobaini 64 yenye sentimita 10 kila mmoja. Kwa hiyo mkwaju utapata alama nzuri, nasi tutapiga makofi.

Tusiharakishe. Alama ikitokana na unene peke yake, huenda maana yake mti huo hauna watoto. Miche yake imekatwa na plau au imeliwa na mbuzi kabla ya kufika magotini. Siku mzee akigeuzwa mkaa, aina nzima imetoweka shambani. Jumla ilituficha hilo. Hesabu tatu, zikisomwa mojamoja, zingetuambia mapema.

Nchi hii inajua gharama ya kupoteza miti. Vichaka vilifyekwa kufukuza mbung'o, vikafyekwa tena kupisha pamba, hadi mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, enzi hizo Bariadi ikiwa bado mkoani Shinyanga. Kilichorudisha miti kwa kasi ni ngitili, malisho yanayofungwa masika ili mifugo ile kiangazi. Ardhi ilipopumzishwa, visiki na mbegu vilichipua vyenyewe.

Ndiyo maana nasema: maofisa ugani wakija na kamba za kupimia, wahesabu na miche pia, si mashina pekee. Nawe mkulima, palizi ya msimu huu ukikuta mche wa mkwaju au mgunga, uchomekee kijiti pembeni, mwenye plau auone. Hauhitaji kitalu wala ruzuku. Unahitaji kuachwa tu.