Ngazi Saba za Kanisa: Makao na Usafiri wa Ndugu Zetu Wenye Ulemavu ni Haki, si Hisani

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za haki na amani za parokia)



1. UTANGULIZI

Tumepewa nafasi ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa ni kazi ya huruma, wala si kazi ya haki na amani. Tunaomba tuanze kwa kuungama.

Katika jumuiya yetu yuko mama mmoja fundi cherehani anayetumia kiti cha magurudumu. Kwa miaka mingi kamati yetu ilimtembelea kila Noeli na kumpelekea mchele, sukari na sabuni. Mwaka mmoja, baada ya kupokea na kushukuru, alituuliza swali: kanisa letu lina ngazi ngapi mlangoni? Tulitazamana. Hakuna aliyejua. Tulirudi parokiani, tukazihesabu, tukakuta ni saba. Sisi tulikuwa tumezipanda kila Dominika bila kuziona. Yeye, ambaye hakuwa amezipanda kwa muda mrefu, aliijua idadi yake.

Siku ile tulitambua kwamba tulikuwa tukimpelekea zawadi nyumbani kwa sababu tulikuwa tumemfungia mlango wa kanisa. Hatukumfungia kwa chuki wala kwa kukusudia. Tulimfungia kwa saruji, na saruji haina haja ya kuchukia ili imzuie mtu.

2. TUONE

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya watu wote duniani, wana ulemavu wenye uzito. Wahenga wetu walilisema jambo hili kwa njia nyingine: hujafa hujaumbika. Uzee, ajali ya pikipiki, ugonjwa wa kiharusi au wa kisukari, kila kimoja kinaweza kumhamisha yeyote kati yetu kutoka kundi moja hadi jingine kwa siku moja.

Tumfuate basi yule mama tangu alfajiri. Anaishi katika chumba cha kupanga. Mlango ni mwembamba, hivyo kiti chake hakipiti kikiwa kimekunjuliwa. Ni lazima ashuke, akiburute, kisha mtu amkunjulie upande wa pili. Choo cha pamoja kiko uani, nacho kina kizingiti kirefu, na ni cha kuchuchumaa. Alipotafuta chumba kingine, aliambiwa mara mbili kwamba kimekwisha kupangishwa, na majirani wakamwambia baada ya wiki kwamba bado ki tupu.

Akitoka nyumbani anakuta mtaro wa maji ya mvua uliofunikwa kwa ubao mmoja. Akivuka, anafika kituoni. Ngazi ya daladala iko juu, kondakta ana haraka, na wakati wa asubuhi magari yaliyojaa hayamsimamii. Likisimama moja, anabebwa na wasamaria wema, na kiti chake hutozwa nauli kama mzigo. Hivyo amezoea kungoja hadi saa nne, watu wanapopungua. Lakini saa nne soko la asubuhi limekwisha, na wateja wake wamekwisha kwenda kwa fundi mwingine.

Anayebebwa hushukuru, na wanaombeba wanatenda wema. Lakini mtu mzima anayebebwa kila siku kama gunia, na mikono asiyoichagua, hupoteza kitu ambacho shukrani haiwezi kukirudisha.

Tuone pia kwamba vizuizi hivi ni mnyororo mmoja. Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi Dar es Salaam, kwenye njia ya kati ya Kimara na Kivukoni pamoja na matawi yake, yenye jumla ya kilomita zipatazo 21. Vituo vyake vimejengwa kwa jukwaa lililoinuliwa hadi kimo cha sakafu ya basi, ili abiria aingie bila kupanda ngazi. Hii ni hatua kubwa, na inaonyesha kwamba jambo hili linawezekana kwetu pia. Hata hivyo, kituo kizuri hakimfai mtu aliyezuiwa na mtaro wa mtaani kwake, wala barabara nzuri haimfai asiyeweza kutoka chumbani. Pete moja ikikatika, mnyororo wote umekatika.

3. MFANO WA DENVER

Ndugu wajumbe, wapo wenzetu waliolielewa jambo hili kabla yetu, nao walianzia mahali pale pale tulipoanzia sisi, yaani katika huruma.

Katika miaka ya 1970, karibu na mji wa Denver, nchini Marekani, mchungaji mmoja wa Kanisa la Kipresbiteri aliyeitwa Wade Blank alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wagonjwa na wazee. Humo walikuwamo pia vijana wenye ulemavu, ambao hawakuwa wagonjwa wala wazee. Waliwekwa humo kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuwaweka. Mchungaji huyo alijaribu kwanza kuyafanya maisha yao humo ndani yawe na furaha zaidi. Baadaye alitambua kwamba vijana wale hawakutaka kifungo chenye furaha. Walitaka nyumba zao wenyewe. Alifukuzwa kazi. Mwaka 1975 ilianzishwa jumuiya iliyoitwa Atlantis, na vijana hao wakaanza kuhamia katika makazi ya kawaida mjini, wakisaidiwa na watu waliolipwa kwa kazi hiyo.

Lakini walipokwisha kupata nyumba, waligundua kwamba hawawezi kwenda popote. Mabasi ya mji hayakuwa na vifaa vya kuinulia viti vya magurudumu. Waliondoka kwenye jengo lililofungwa, wakajikuta katika mji uliofungwa.

Tarehe 5 Julai 1978, watu kumi na tisa wenye ulemavu walikwenda kwenye makutano ya barabara za Broadway na Colfax, wakaweka viti vyao mbele na nyuma ya mabasi, na wengine wakateremka wakalala barabarani. Walikesha hapo hadi siku ya pili. Dai lao lilikuwa dogo kiasi cha kushangaza: kupanda basi na kulipa nauli kama watu wengine. Mwaka 1983 walianzisha chama cha nchi nzima, kilichojulikana kwa kifupi kama ADAPT, cha kudai usafiri wa umma unaofikika.

Mwaka 1988 sheria ya makazi ya Marekani ilirekebishwa. Ilikataza kuwabagua wapangaji kwa ajili ya ulemavu, ikaagiza pia kwamba majengo mapya yenye makao manne au zaidi yawe na milango na njia zinazopitika. Tarehe 12 Machi 1990, watu wenye ulemavu waliacha viti na magongo yao chini ya ngazi za jengo la Bunge huko Washington, wakazipanda kwa kutambaa. Tarehe 26 Julai mwaka huo huo Rais George Bush alitia sahihi sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu dhidi ya ubaguzi, nayo iliagiza kwamba kila basi jipya la umma liwe linaweza kupandwa na mtu mwenye kiti cha magurudumu.

Hatuusimulii mfano huu ili mkazuie daladala. Kila mahali pana njia zake. Tunausimulia kwa sababu ya mambo mawili. Kwanza, waliokuwa wakisaidiwa ndio walioongoza. Mchungaji alijifunza kutoka kwao. Pili, waliona kwamba nyumba na basi ni dai moja. Nyumba bila usafiri ni kifungo kingine, na usafiri bila nyumba ni safari isiyo na mahali pa kurudi.

4. TUPIME KWA NURU YA NENO NA MAFUNDISHO YA KANISA

Katika Injili ya Marko, sura ya 2, watu wanne walimleta mtu aliyepooza, wakakuta mlango umezibwa na umati. Walipanda darini, wakalifungua paa. Mara nyingi tunahubiri juu ya imani yao, na ni vema. Lakini tusisahau waliouziba mlango. Hao hawakuwa watu waovu. Walikuwa wasikilizaji wa Neno, wamesimama wakimtazama Bwana, na migongo yao imemwelekea mgonjwa. Umati huo tunaufahamu. Ndio sisi.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 3, mtu mmoja alikuwa akiwekwa kila siku kwenye mlango wa Hekalu uitwao Mzuri ili aombe sadaka. Sadaka alikuwa akiipata mlangoni. Baada ya kuponywa, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuingia ndani pamoja na Mitume.

Wengine watasema kwamba Mungu hakuagiza juu ya ujenzi. Wasome Kumbukumbu la Torati 22:8. Hapo anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukuta wa kinga darini, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Basi tangu zamani ramani ya nyumba ni jambo la dhamiri, na anayejenga anawajibika kwa mtu ambaye bado hajafika mlangoni.

Kanisa nalo halikunyamaza. Tarehe 4 Machi 1981, katika mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa wa watu wenye ulemavu, Makao Makuu ya Kanisa yalitoa waraka unaofundisha kwamba mtu mwenye ulemavu ni mtu kamili, mwenye haki zake za asili. Mwaka huo huo Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens, namba 22, alifundisha kwamba jamii inayowapa nafasi watu wazima wa mwili tu haistahili hadhi ya binadamu. Nasi tunaongeza: hawezi kufanya kazi asiyeweza kufika kazini.

5. SHERIA INASEMA NINI

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006. Ibara ya 9 yazitaka nchi kuondoa vizuizi katika majengo, barabara, usafiri na makazi. Ibara ya 19 yatambua haki ya mtu kuchagua mahali pa kuishi na wa kuishi naye. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa majirani zetu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 54, inataja waziwazi haki ya kufikia mahali pote na usafiri wa umma.

Sheria basi zipo. Lakini sheria haimwagi zege. Inahitaji raia wa kuisoma, wa kuuliza, na wa kurudi kuuliza tena.

6. TUTENDE

Tunapendekeza hatua nne.

Kwanza, tuhesabu. Kila kamati itembee na ndugu mwenye ulemavu kutoka nyumbani kwake hadi kanisani, zahanati na sokoni, ikiandika kila kizuizi na kimo chake. Wao ndio waongoze; sisi tushike kalamu.

Pili, tuanzie kwetu. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda yahitaji sentimita 12 za mteremko. Kizingiti cha sentimita 15 chadai mteremko wa mita 1.8 tu. Ngazi zetu saba, zenye kimo cha sentimita 105, zadai mita 12.6, pamoja na mahali tambarare pa kupumzikia katikati. Mlango usipungue upana wa sentimita 80. Katika jengo jipya gharama hii ni ndogo. Ni kulibomoa baadaye ndiko kunakogharimu.

Tatu, waamini wenye nyumba za kupangisha waulizwe kwa upendo na kwa uwazi: wamewahi kumkatalia mtu chumba kwa sababu ya kiti au magongo yake? Chumba kimoja cha chini, chenye mlango mpana na choo chenye kiti na mshikio ukutani, chaweza kuyabadilisha maisha ya mtu.

Nne, tuyapeleke yale tuliyoyaandika kwa serikali ya mtaa, kwa halmashauri, na kwa vyama vya wenye daladala. Tudai mitaro ifunikwe, kiti cha magurudumu kisitozwe nauli, na vituo vipya vijengwe kwa kimo kinachofaa. Tusiende peke yetu; vyama vya watu wenye ulemavu vitangulie.

7. HITIMISHO

Mwaka ule tulipoulizwa lile swali, parokia yetu ilikuwa imekwisha kuchangishana fedha za kuweka vigae sakafuni. Hakuna aliyepinga. Mteremko ulipopendekezwa, wengi walisema hakuna fedha, na mmoja akasema kwamba mwenye kuuhitaji ni mtu mmoja tu. Ndipo tulipoanza kutembea nyumba kwa nyumba. Tulikuta wazee waliokwisha kuacha kuja kanisani kwa sababu ya magoti, na mama mwenye mtoto mkubwa asiyeweza kutembea, ambaye mgongo wake umechoka. Hawakuonekana kanisani kwa sababu ngazi zilikuwapo, nasi tulikuwa tukisema ngazi zibaki kwa sababu wao hawaonekani.

Msingi wa mteremko sasa umechimbwa, lakini haujakamilika. Tunawaambieni hivyo ili msidhani kwamba tunasema kama watu waliokwisha kumaliza. Yule mama bado hajaingia. Siku atakapoingia, hatutampigia makofi. Atakuwa amefika kwake, naye ndiye mwenye kutuuliza kwa nini tulichelewa.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Mlango wa kanisa letu, wa zahanati na wa shule yetu una ngazi ngapi?
2. Ni nani katika jumuiya yetu ambaye tumezoea kumpelekea misaada, lakini hatujamwuliza anataka kwenda wapi?
3. Mtu mwenye kiti cha magurudumu akitaka kupanga chumba mtaani kwetu, atakipata? Akikipata, atafikaje kituoni?
4. Tutafanya nini kabla ya mkutano wetu ujao, na nani atawajibika?