Towashi wa Barabara ya Gaza



Somo letu limetoka Matendo ya Mitume, sura ya 8. Towashi mmoja Mwethiopia, mtunza hazina ya malkia wake, alikuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu alikokwenda kuabudu. Ameketi garini, anasoma chuo cha nabii Isaya. Filipo anamkaribia, anapanda, wanasafiri pamoja. Walipofika penye maji, towashi aliuliza swali moja: kuna kizuizi gani asibatizwe?

Tukilisoma swali hilo upesi, tutadhani ni la adabu tu. Sivyo. Mtu huyu alivijua vizuizi. Torati, katika Kumbukumbu sura ya 23, ilimkataza mtu wa namna yake kuingia katika kusanyiko la Bwana. Mali alikuwa nayo, na cheo alikuwa nacho. Lakini watu walipohesabiwa waume kwa wake, yeye hakuwa na pake. Hata hivyo, katika chuo kile kile alichokishika mkononi, mbele kidogo, sura ya 56, Mungu anawaahidi matowashi waaminifu mahali ndani ya nyumba yake, na jina lililo bora kuliko kuwa na watoto, jina lisilofutwa. Naye Filipo hakumhoji juu ya mwili wake. Waliteremka majini wote wawili.

Leo tuwakumbuke watu ambao wengi wetu huwataja kwa kicheko, au hatuwataji kabisa. Wapo walioandikwa wavulana walipozaliwa, nao wakajitambua kuwa wanawake. Na wapo walioandikwa wasichana wakajitambua kuwa wanaume. Wapo pia waliozaliwa na maumbile ambayo mkunga mwenyewe alishindwa kuyaamua, ambao jirani zetu Waislamu, katika fikihi yao, huwaita huntha. Hawa si kundi moja, wala towashi wa somo letu si sawasawa na yeyote kati yao. Linalowaunganisha ni swali lile la njiani: kuna kizuizi gani?

Kizuizi cha kwanza ni karatasi. Mtu anapeleka cheti chake kuomba kazi. Karani anatazama jina, anatazama uso, kisha anawaita wenzake waje kucheka. Kazi imekwisha kupotea kabla hajaulizwa anajua kufanya nini.

Nchini Kenya, Audrey Mbugua, mwanamke aliyefanya mtihani wa kidato cha nne kwa jina la kiume, alilipeleka jambo hilo mahakamani. Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu ya Nairobi aliliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia. Alama za mtihani alizipata mwenyewe. Hazipandi wala hazishuki kwa kuwa mtahiniwa ni mume au mke. Mwaka mmoja kabla, 2013, mahakama hiyo hiyo iliona kwamba polisi walivunja utu wa mtu mwingine walipomvua nguo mbele ya watu ili mwili wake utazamwe, ikampa fidia ya shilingi 200,000 za Kenya. Sisi tuutazamao msalaba kila Jumapili tunamjua mwingine aliyevuliwa nguo mbele ya umati, na askari wakazipigia kura.

Kwetu Tanzania, Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 12 na ya 13, inatamka usawa wa binadamu wote na usawa wao mbele ya sheria. Lakini hatuna bado sheria inayomwonyesha mtu kama Audrey njia ya kurekebisha jinsia iliyoandikwa katika cheti cha kuzaliwa. Basi akiibiwa, anaogopa kituo cha polisi. Akiugua, anaogopa foleni ya zahanati.

Kizuizi cha pili ni sisi wenyewe. Pwani yetu inalijua jambo hili. Pangani ilikuwa bandari ya misafara ya pembe na watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara hiyo baharini, na mwaka 1922 sheria ikaufuta utumwa katika Tanganyika nzima. Je, dharau ilikwisha siku hiyo? Wazee wetu wanajua kwamba mjukuu wa mtumwa aliendelea kunong'onwa barazani, na alipokwenda kuposa aliulizwa ukoo wake. Sheria ilifungua mnyororo wa mguuni; fundo la moyoni lilibaki kwa jirani kulifungua. Haki bila heshima ni nyumba yenye mlango lakini haina mwenyeji.

Tunajua kwamba kati yenu wapo wenye maswali ya kweli juu ya uumbaji, mwili na ndoa. Hatuyadharau, wala mahubiri mafupi hayawezi kuyamaliza. Lakini mwenye njaa hangoji mpaka mjadala wetu uishe ndipo ale, na anayepigwa njiani hangoji tukubaliane ndipo aokolewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Filipo alipanda gari kwanza, akaketi, akasikiliza.

Basi, wewe mzazi, usimfukuze mwanao usiku kwa kuwaogopa majirani. Barabara haina huruma kuliko wewe. Wewe mwajiri, soma alama za cheti. Wewe muuguzi, tibu homa iliyomleta mgonjwa. Nasi tuketio barazani, Ngamiani au Chumbageni, kicheko kinapoanza, mmoja wetu akinyamaze kwa upole. Huenda anayechekwa ni mtoto wa mwenye baraza, naye anasikia yote akiwa ndani.

Maandiko yanasema towashi yule alikwenda zake akifurahi. Tujiulize: ni nani aliyepita kwetu mwaka huu, akaondoka akilia?

Ee Bwana, wewe umjuaye kila mtu kwa jina, utuondolee vizuizi tulivyoviweka mbele ya wenzetu, utufundishe kushuka majini pamoja nao. Amina.