Mbwa Wako na Mtoto wa Jirani

Maandiko ya kusoma: Kutoka 21:28-29, Mithali 12:10, Isaya 38:21

Neno letu leo linahusu mbwa. Pengine mtu atauliza kama mimbari imekosa habari ya kuhubiri. Haikukosa. Tufungue Kutoka 21.

Hapo Mungu anatoa sheria ya ng'ombe anayepiga watu pembe. Kama hakujulikana kuwa mkali, akiua mtu, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na tabia hiyo, na mwenyewe alionywa lakini hakumfunga, basi damu ile ni juu yake. Tuone vizuri: hapati hatia kwa sababu ana mnyama. Anapata hatia kwa sababu aliambiwa, akanyamaza.

Sasa tuangalie viwanja vyetu. Mbwa analetwa kwa ajili ya wezi. Anafika angali mdogo, watoto wanafurahi, anapewa jina. Baada ya miezi michache hakuna anayejua amekula nini. Wengine wanamfunga kwa kamba fupi kwenye jua, bila maji, na ziwa zima la Tanganyika liko mbele ya macho yake. Wengine wanamwacha azunguke: asubuhi yuko sokoni akitafuta vichwa vya ndagala, jioni yuko kwenye takataka, usiku anapigana na mbwa wa avenyu nyingine. Siku ya mwizi, ni mbwa wetu. Siku akiuma mtoto wa jirani, hana mwenyewe.

Mithali 12:10 inafundisha kwamba mwenye haki anaangalia uhai wa mnyama wake. Haki haionekani kanisani tu, siku ya sadaka. Inaonekana pia kwenye bakuli la maji nyuma ya nyumba. Hata yule mama Mkanaani alipozungumza na Yesu, alijua kwamba mbwa wana makombo yao chini ya meza ya bwana wao. Mbwa asiyepata hata makombo, bwana wake ni nani?

Wapendwa, jambo hili linafika kwenye uhai wa watu. Kuna ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Kwa Kifaransa wanauita rage. Virusi vyake vinakaa katika mate ya mnyama mgonjwa, vinaingia kwa kuuma au kwa kulamba kidonda. Vinaweza kukaa mwilini majuma au miezi bila dalili yoyote. Lakini dalili zikianza, karibu kila mgonjwa anakufa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba unaua watu 59,000 hivi kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu 4 kati ya 10 ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Karibu wote waliumwa na mbwa.

Mgonjwa anaogopa maji, anapiga kelele, anatoa mate. Wengine wakiona hivyo wanasema ni pepo, wanamfungia katika chumba cha maombi. Wengine wanabandika jiwe jeusi kwenye kidonda. Jiwe jeusi haliondoi virusi hivyo. Na kwa habari ya maombi, tusome Isaya 38. Hezekia aliugua, akaomba kwa machozi, na Mungu akasikia. Halafu Isaya akaagiza wachukue tini, waziweke juu ya jipu. Maombi yalijibiwa, na dawa ikawekwa. Basi tuombe, na huku tunaombea njiani tukienda hospitali.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, oshe kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Kisha aende kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo, aulize chanjo ya kichaa cha mbwa, na amalize sindano zote katika siku alizopangiwa. Asingoje kuona kama ataugua. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na kutazamwa siku 10, na veterineri apewe habari.

Na mwenye mbwa je? Asimfiche mbwa. Asiseme mtoto ndiye aliyemchokoza. Atoe pesa ya moto na ya sindano, na kama hana, aende na wazazi kwa shefu wa kartie na kwa kanisa, asaidiwe kutafuta. Toba isiyofika kwenye mlango wa jirani bado iko njiani.

Tunajua watu wetu wamekimbia mara nyingi, wengine kwa vita, wengine kwa maji, kama mto Mulongwe ulipovunja nyumba Aprili 2020. Anayekimbia na watoto mgongoni hatumhukumu kwa kuacha mbwa. Tunasema na yule ambaye yuko nyumbani, anakula, na mbwa wake anamtazama.

Ugonjwa huu unashindwa. Tangu Louis Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister huko Paris mwaka 1885, chanjo imeokoa watu wengi. Na wataalamu wanasema mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa mahali fulani, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Huko kisiwani Pemba, Tanzania, waliuzima kwa kuchanja mbwa. Uliporudi, walichanja tena, ukazimika tena.

Basi juma hili, kila nyumba yenye mbwa ifanye mambo matatu. Kwanza, mbwa apate chakula na maji kila siku, na kivuli. Pili, asizunguke barabarani, hasa saa watoto wanapokwenda shule. Tatu, mwulize veterineri habari ya chanjo. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi 3, kisha inarudiwa kadiri anavyoagiza. Kama huwezi hayo, usimchukue mbwa.

Leo umesikia. Mwenye ng'ombe yule naye alisikia.

Tuombe. Baba, ulituwekea wanyama mikononi. Utupe mioyo inayoona njaa yao, na utulindie watoto wetu njiani. Uwasaidie waliokwisha kuumwa wafike kwenye dawa mapema. Katika jina la Yesu. Amina.